Mkwe wa Kwenye Chupa

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe kumi na moja mwezi wa nne, asubuhi, chai ikiwa bado haijapoa. Kabla ya hapo Mzee Lawama alikuwa mgane kama wagane wengine: nyumba ya vyumba viwili, jiko la uani, na chuki ya kuwatosha wakubwa wote, wa juu na wa chini. Baada ya hapo akawa mtu aliyempoteza mkwe wake kwenye mfereji wa maji machafu, tena mfereji wenyewe haujazibuliwa tangu wakubwa waahidi kuuzibua.

Lawama halikuwa jina la kuzaliwa. Alikuwa fundi bati. Ndoo, makarai na vibatari vya mtaa mzima vilitoka mikononi mwake, mpaka ndoo za plastiki zilipokuja kumla. Nani aliziruhusu ndoo za plastiki? Wakubwa. Shule aliishia darasa la tatu. Nani alimhamisha mwalimu wa darasa la nne? Wakubwa. Mvua ikizidi ni wakubwa, isiponyesha ni wale wale. Mkewe alipokuwa hai alikuwa akimwambia, "Baba, wewe hata ukiumwa na siafu utamtafuta waziri." Naye alikuwa akijibu kwamba siafu hawaanguki kutoka mawinguni, wanatoka kwenye taka, na taka kazi yake nani kuzizoa?

Sasa, huyo mkwe. Mkwe alikuwa utando mnene, mlaini, wa rangi ya chai ya maziwa, uliokuwa ukielea juu ya siki ndani ya chupa pana ya kioo, zile ambazo maduka ya zamani yalitilia peremende. Utando huo ndio unaogeuza maji ya matunda kuwa siki. Unaongeza maji ya nanasi, unafunika kwa kitambaa, unasubiri, na wenyewe unafanya kazi kimya kimya, bila posho wala semina. Marehemu aliupata kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Akauita mkwe kwa sababu una masharti ya mkwe. Usimtikise. Usimfunike akakosa pumzi. Usimpigie kelele. Usimwingizie kijiko chenye mafuta. Mzee Lawama, ambaye mama mkwe wake wa kweli hakupata kumwamkia vizuri hata siku moja, huyu wa kwenye chupa alimheshimu mpaka alikuwa akivua kofia akiingia jikoni.

Siku hiyo ya Alhamisi bwana afya aliingia uani na mabuti yake ya mpira, tochi mkononi ilhali jua limekwisha toka, na nyuma yake mtu wa dawa amebeba pampu mgongoni.

"Hodi wenye nyumba!"

"Mmekwisha ingia, hodi ya nini tena?"

"Tunakagua maji yaliyotuama, mzee. Mbu wamezidi."

"Yaliyotuama yako hapo nje kwenye mfereji. Nimewaona mmeyaruka mkija huku."

"Mfereji uko kwenye bajeti."

"Na mbu wameambiwa kwamba uko kwenye bajeti?"

Mtu wa dawa akacheka, akaangaliwa, akaacha. Bwana afya akachungulia pipa, akachungulia ndoo, akaingia jikoni. Akainua kitambaa cha ile chupa, akaruka nyuma kama aliyekanyaga chura.

"Mzee! Hiki ni nini?"

"Huyo ni mkwe wangu. Shusha sauti."

"Nani?"

"Mkwe. Hapendi kelele."

Bwana afya akamtazama kwa yale macho ambayo watu huwatazamia wazee wanaoishi peke yao. Akaongea taratibu. "Mzee wangu, unakula vizuri lakini? Kuna mtu anayekuja kukuangalia?"

"Hakuna anayekuja ila nyinyi, na nyinyi mnakuja na sumu."

"Basi pole. Lakini kitu chenye ute, kinachoelea, ndani ya nyumba ya mtu, siwezi kukiacha."

Na kabla Mzee Lawama hajasimama sawasawa, maana magoti yake nayo yalikuwa na bajeti yake, chupa ilikuwa imebebwa, imetikiswa, imepita mlangoni, imeinamishwa. Siki ikamiminika mferejini. Mkwe akatoka mwishoni, mzima mzima, akakaa juu ya maji machafu, akaanza safari yake polepole kupita milango ya watu kama kiongozi anayepungia wananchi. Mzee Lawama alimkimbilia na chujio la chai. Alipomkaribia, bata wa jirani alishuka mferejini, akamnyonya mkwe mzima, akakohoa, akaenda zake.

Ungesema ni siki tu, na ni kweli, isingekuwa shemeji yake.

Shemeji huyo alikuwa dada mdogo wa marehemu, mwanamke mwenye mwili, sauti na maoni, vyote kwa wingi. Msiba ulipokwisha alisimama katikati ya jiko, akasema mwanamume na jiko ni wapi na wapi. Akataka kuchukua chupa ya mkwe, masufuria, jiwe la kusagia, vijiko vya miti, na mwisho amchukue na Mzee Lawama mwenyewe, akakae chumba cha uani kwake, alishwe na kuangaliwa. Kwa shemeji kulikuwa na wanawake watano na redio mbili. Mzee Lawama alimwomba, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele ya mtu mwenye sauti kubwa. Alisema hili jiko ndimo mkewe alimobaki. Shemeji akalainika, lakini si sana.

"Nakupa mwaka," akasema. "Mkwe awe hai, na unitengenezee ndimu za siki kama za dada. Zikipita kwenye ulimi huu, jiko lako. Zisipopita, nakuja na mkokoteni."

Ule mwaka Mzee Lawama aliunguza wali mpaka akajua wali unataka nini. Alijifunza kitunguu kinachosema na kitunguu kinacholia kwenye mafuta. Alifika mahali akawa anaonja mchuzi, anafumba macho, anasema peke yake, "Bado, mama, bado kidogo," na hakuna aliyemcheka kwa sababu hakuna aliyemsikia. Sasa ndimu zilikuwa zimekwisha chanjwa, zimetiwa chumvi, zimeanikwa kwenye bati juu ya paa la jiko, zimenyauka vizuri. Zilichokuwa zikingoja ni siki. Na shemeji alikuwa anakuja Jumapili ya wiki iliyofuata.

Alianzia duka la kona.

"Una siki?"

"Ipo, mzee wangu," akasema mwenye duka. "Kali kweli. Imefungwa huko huko kiwandani."

"Iko hai?"

"Nini?"

"Hiyo siki. Iko hai?"

Mwenye duka akainua chupa kwenye mwanga, akaitikisa, akaisikiliza. "Mzee, wewe unataka siki au unataka kuku?"

Wateja wakaangua kicheko. Mzee Lawama hakucheka. Akawaeleza kwamba siki ya kiwandani imechemshwa ikafa, haizai tena, ni maiti iliyovalishwa nembo. "Na nani ameruhusu maiti ziuzwe dukani?"

"Wakubwa!" wateja wakajibu kwa pamoja, kama darasa la kwanza.

Akaenda sokoni. Huko aligundua kwamba ukitaka kujua watu wangapi hawajui kitu, waulize namna ya kukipika. Muuza viazi alisema atie msumari wenye kutu. Muuza samaki akasema msumari ni wa rangi ya nguo, siki inataka mkate uliolala. Mwanamke aliyekuwa akipita tu, hata hakuulizwa, alisimama kueleza maganda ya ndizi na namna ya kuyazika. Muuza nyama akashangaa tabu yote ya nini.

"Kamulia ndimu tu, mzee."

"Ndimu ndani ya ndimu?"

"Sasa si ndiyo zitazidi kuwa ndimu?"

Mama Mboga ndiye aliyemwonea huruma. Alikuwa amemuuzia marehemu mchicha miaka nenda miaka rudi, na aliposikia habari ya bata alijiziba mdomo kwa upande wa khanga, mabega yakitikisika.

"Cheka tu," akasema Mzee Lawama. "Cheka, umalize."

"Samahani, baba. Nimemaliza." Hakuwa amemaliza. "Sikiliza. Kuanzisha upya unaweza. Maganda ya nanasi, maji, sukari, kitambaa. Lakini mpaka ashike utando ni kungoja, tena kungoja kweli. Shemeji yako huyo ana subira?"

"Hana hata ya kungoja chai ipoe."

"Basi tafuta waliopewa."

"Waliopewa nini?"

Mama Mboga akaanza kupanga nyanya ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa. "Marehemu alikuwa akimgawa mkwe. Kipande huku, kipande kule. Alikuwa akisema kitu kama hicho hakikai nyumba moja."

"Mbona mimi sijui?"

"Ungejuaje? Umegombana na mtaa mzima. Angekwambia amempa nani, ungekwenda kumnyang'anya. Alituapisha tusiseme, baba. Hata mimi naogopa kusema, huenda ananisikia."

"Nani, basi? Nani?"

"Anza na jirani yako. Mwenye bata."

Mwenye bata alikuwa fundi cherehani. Nyumba zao zilipakana ukuta kwa ukuta, lakini hawakuwa wameamkiana tangu fundi alipochaguliwa katibu wa kamati ya mtaa. Cheo chenyewe kazi yake kutunza mhuri, lakini kwa Mzee Lawama mkubwa ni mkubwa, hata akiwa wa mtaani. Ilibidi apige moyo konde. Akasimama mlangoni pa fundi, akaangalia cherehani, akaangalia dari, akakohoa.

"Karibu, mwananchi," fundi akasema, sindano mdomoni.

"Nimekuja kwa shida."

"Kama ni mfereji, tumeandika barua."

"Si mfereji. Ni mkwe."

Mguu wa fundi ukasimama juu ya cherehani. Akatoa sindano mdomoni polepole, akaichoma kwenye kola ya shati. "Nani kakwambia?"

"Yuko wapi?"

"Mzee mwenzangu, kaa kwanza."

"Sikai kwa watu wa serikali. Yuko wapi?"

"Amefariki," akasema fundi. "Mke wangu alimpenda sana. Siku za baridi akamhurumia, akamfunga kifuniko cha chuma, akakaza, akamviringishia na blanketi."

"Mmemziba pumzi!"

"Tulidhani anasikia baridi."

Mzee Lawama akakaa. Alikaa bila kukusudia, kwenye kigoda cha wateja, kofia magotini. Alifikiria chumba cha uani kwa shemeji, redio moja inasoma habari na nyingine inaimba, na mtu anamuuliza kila saa kama amekunywa maji. Akafikiria jiko lake likiwa tupu, alama nyeusi tu ukutani palipokuwa pakiegemea masufuria. Fundi cherehani, ambaye bata wake alikuwa na sehemu katika msiba huu, akaona aibu.

"Yuko mwingine aliyepewa," akasema. "Lakini nikikwambia utanipiga."

"Sina nguvu za kukupiga."

"Sogeza mkasi huo kwanza."

Mzee Lawama akausogeza.

"Mama yake bwana afya."

Nje bata alilia, na Mzee Lawama akaivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

Nyumba za watumishi wa mji zilikuwa nyuma ya ofisi, zimepakwa rangi moja zote, kama wafungwa. Alifika kesho yake saa za mchana, akiwa amevaa shati la msibani. Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke mzee, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye Lawama."

"Umejuaje?"

"Umeangalia mlango wangu kama umekukosea. Marehemu alinieleza. Ingia."

Akaingia. Dirishani, juu ya kabati la vyombo, ilisimama chupa imefunikwa kitambaa cha maua ya buluu. Kitambaa hicho alikijua. Kilikuwa kipande cha pazia la chumba chao, lile ambalo mkewe alisema limeliwa na panya. Akakaribia, akavua kofia, akainua pembe ya kitambaa. Mkwe alikuwa humo, mnene, ametulia, mwenye afya kuliko watu wote wa mtaa.

"Alikuwa akija Jumamosi," mama mzee akasema. "Tunapiga soga, ananiletea kopo la ndimu. Mwanangu hali wali bila ndimu zile."

"Jumamosi alikuwa akienda mashine kusaga."

"Mashine iko hapo nyuma. Alikuwa anasaga, anakuja." Mama mzee akarekebisha uzi wa miwani. "Hivi baba, hujapata kujiuliza kwa nini watu wa afya miaka yote walikuwa wakikagua mtaa mzima na kwako wanapita?"

Alikuwa amejiuliza, na jibu alikuwa nalo siku nyingi. Alilisema kwenye kahawa, kwenye misiba, mbele ya fundi viatu na mbele ya kinyozi: wanapita kwa sababu wananiogopa. Wanaujua mdomo wangu. Nyumba yangu haijawahi kumpa mtu wa serikali hata sindano, ndiyo maana hawana pa kunishikia.

"Walikuwa..." akaanza.

"Walikuwa wanakula ndimu, baba. Mkono mtupu haulambwi."

Ilimshuka taratibu, kama siki inavyoingia kwenye ndimu. Miaka yote ile. Yeye amesimama mlangoni anawatolea uvivu wakubwa, na nyuma ya mgongo wake mwanamke mmoja mwembamba anapita na kopo chini ya khanga. Rushwa! Nyumbani kwake! Alitaka kukasirika, akaitafuta hasira mahali pake pa siku zote, asiione. Alichokiona ni mkewe, anajifuta mikono kwenye khanga, anamwambia, "Umewaweza leo, baba, wamepita mbali," uso mkavu kabisa.

"Mshenzi yule," akasema, na sauti ikamvunjika, na mama mzee akaangalia pembeni kwa adabu.

Wakati huo bwana afya akaingia kwa chakula cha mchana, mabuti mkononi. Alipomwona mgeni akasimama kwenye mkeka na soksi zake.

"Mzee? Kuna malalamiko?"

Mzee Lawama alikuwa amejifuta uso, na kitu fulani kilikuwa kimemrudia. Akanyoosha kidole dirishani. "Bwana afya. Nimekagua nyumba hii. Kuna kitu chenye ute, kinaelea, ndani ya nyumba ya mtu. Nimwage mwenyewe au nimwite mwenye pampu?"

"Hiyo ni ya mama. Dawa yake ya... Mama, hiyo si dawa ya miguu?"

"Dawa ya miguu?" mama mzee akauliza. "Kwani ndimu unazokula kila siku unadhani zinaoga kwenye nini?"

Bwana afya akaangalia chupa. Akaangalia sahani iliyomngoja mezani, wali, maharage, na pembeni ndimu moja ya mwisho mwisho, kutoka makopo ambayo mama alikuwa akiyapunja tangu msiba. Rangi ikambadilika.

"Ndani ya kile?"

"Ndani ya kile. Na huyu baba anasema wewe umemwaga mama yake kile mferejini."

"Mama, ulinituma wewe!"

"Mimi?"

"Ulisema marehemu hayupo, kopo haliji, nenda ukamwangalie yule mgane anavyoishi, tusije tukasikia mabaya."

"Nilikutuma ukamjulie hali! Ukae, unywe chai, umuulize kama anakula. Wewe ukaenda na pampu!"

"Sasa mimi ningeingiaje kwa mtu bila kukagua?" bwana afya akasema, na ilikuwa wazi kwamba anauliza kweli. "Na kama anakula nilimuuliza. Mzee, si nilikuuliza?"

"Uliniuliza," Mzee Lawama akakubali. Haki ni haki.

Mama mzee alichukua kijiko cha mti, akamkata mkwe katikati, nusu akaitia kwenye dumu la mdomo mpana, akajaza siki juu yake mpaka shingoni. Lakini alipofika mlangoni alilishika dumu, hakuliachia.

"Kila mwezi kopo moja. Kama marehemu."

"Hiyo ni rushwa, mama."

"Ni ujirani."

"Ujirani na mtu wa serikali ni rushwa."

"Basi acha dumu."

Mzee Lawama akafikiri. Alifikiri kwa muda ambao mtu mwadilifu anastahili kufikiri, halafu akamgeukia bwana afya, aliyekuwa mezani anaigeuza geuza ile ndimu kwa uma. "Mfereji wa kwetu uzibuliwe."

"Uko kwenye bajeti," bwana afya akasema. Akaionja ndimu kwa ncha ya ulimi. Akafumba macho. Akaitia yote mdomoni. "Jumatatu," akasema.

Hivi ndivyo rushwa inavyoingia nyumba ya mtu safi: ndani ya kopo, tena na kifuniko chake.

Jumapili shemeji akaja. Alikuja na kikapu, viatu vya kelele, na mwenye mkokoteni, ambaye aliambiwa asubiri mlangoni na kamba zake. Mzee Lawama alikuwa amepika wali unaochambuka punje punje, maharage mazito, nyama iliyolainika, na katikati ya meza akaweka bakuli dogo la ndimu, limefunikwa sahani.

Shemeji hakugusa wali. Alikwenda moja kwa moja kwenye bakuli, akachukua ndimu, akaingiza mdomoni, akatulia. Mzee Lawama alisikia moyo wake ukigonga bati. Uso wa shemeji ulikunjika, ukakunjuka. Akameza.

"Zimepatikana," akasema.

Mzee Lawama akashusha pumzi.

"Lakini huyu si mkwe wa dada."

Akaivuta tena. "Ni nanasi tu, shemeji. Mwaka huu nanasi ni mbovu. Wakubwa wa kilimo..."

"Waache wakubwa. Siki ya dada ilikuwa inaanza kuuma nyuma ya ulimi. Hii inaanza mbele. Mkwe wa dada yuko wapi?"

Kuna uongo unaoweza kumwambia hakimu na huwezi kumwambia mtu aliyekulia jiko moja na mkeo. Akaeleza yote. Bwana afya, mfereji, bata, blanketi la fundi cherehani, Jumamosi za mashine, kopo chini ya khanga. Alipofika kwenye bata shemeji alishika meza. Alipofika kwenye rushwa alilala juu ya kikapu chake, anacheka bila sauti, machozi yanadondoka kwenye maharage. Halafu akajifuta, akawa yule yule.

"Makubaliano yalikuwa mkwe awe hai."

"Yuko hai. Nenda jikoni ukamwangalie."

"Nilisema mkwe huyu. Si mjukuu wake kutoka nyumba za watu."

"Mjukuu si damu?"

"Damu iliyolelewa na mwingine. Wewe wa kwako umemlisha bata."

"Na ndimu nani kazitengeneza? Wakubwa?"

"Ndimu zimepita. Sijakataa." Akachukua nyingine, pengine kuthibitisha.

Mzee Lawama akamtazama shemeji anavyokula, haraka, macho chini, kama mtu aliyekuwa safarini siku nyingi. Wazo likamjia, wazo baya, tamu.

"Shemeji. Mama yenu si aliwagawia wote wawili? Wewe wa kwako hajambo?"

"Nani?"

"Mkwe wako."

"Kula, wali unapoa."

"Alikufa lini?"

Shemeji akatafuna. Akatafuna zaidi ya ndimu ilivyohitaji. Akaangalia jiwe la kusagia, akaangalia masufuria ya dada yake yaliyosuguliwa yakang'aa ukutani, akamwangalia mgane aliyeyasugua.

"Siku nyingi," akasema mwishowe. "Siku nyingi sana. Nikaona aibu kumwomba dada mwingine."

"Nani alimuua?"

"Wakubwa," akasema shemeji, mdomo umejaa.

Hapo Mzee Lawama alicheka. Kicheko kilimtoka kama mlango uliokwama, kwa kelele na kutu, na shemeji akamtazama kwa mshangao, kisha akaingiza mkono kikapuni. Akatoa kopo tupu lililooshwa vizuri, akaliweka mezani, akalisukuma kwa kidole kimoja mpaka likagusa sahani ya shemeji yake. Mzee Lawama akaliangalia kopo, hakulishika. Shemeji akaliangalia bakuli la ndimu, kisha kopo.

Mwenye mkokoteni akachungulia mlangoni, kamba begani, jasho shingoni.

"Jamani, mimi nina mzigo mwingine sokoni," akasema. "Sasa napakia au sipakii?"